Wageni wa Darajani

Jumatatu, 2 Machi

Daftari hili nilipewa kliniki, niandike mwanangu Kicheko anaharisha mara ngapi kwa siku. Ameshapona, anacheka mpaka fizi zinaonekana, ndiyo maana tukamwita hivyo. Kurasa zimebaki nyingi na kuzitupa naona dhambi. Basi nitaandika yangu, ingawa mwandiko wangu uliishia darasa la saba na haujawahi kuvuka hapo.

Leo vitu viwili vimeanza siku moja, mvua na sheria. Redio imesema kiwango cha pombe kwa wenye magari yao kimeshushwa, na dereva anayebeba watu asikutwe na hata tone. Trafiki wamegawiwa vimashine vya kupulizia. Watu wameshavipa jina: filimbi. Baba Kicheko alikuwa anafunga kamba za viatu. Akasema, "Sasa wanataka tuendeshe kwa uji?" Nikacheka. Nilicheka kweli.

Jumanne, 3 Machi

Mvua. Kiwandani nimeshona kola bando kumi na nne.

Alhamisi, 5 Machi

Nieleze tunavyoishi, maana nikizeeka nitasahau.

Mume wangu anaendesha basi linalotupeleka kiwanda cha sare za shule. Tuko wanawake arobaini na mmoja. Mimi ni wa kola, wifi yangu, dada yake, ni wa vifungo. Geti linafungwa saa moja kamili asubuhi. Ukifika na dakika moja juu, mlinzi anakutazama kama hajawahi kukuona, na siku yako imekwenda. Ndiyo maana wanawake wanampenda Baba Kicheko. Hajawahi kutuchelewesha, wala hajawahi kugonga hata kuku. Wamempa jina Taratibu.

Jioni akishalaza basi yadini anakwenda kilabuni na madereva wenzake. Saa tatu anarudi. Chupa sita, saba, na kile kikali kidogo cha kumalizia. Hapigi mtu, hatukani mtu. Anambeba Kicheko anamwimbia, anasinzia naye kifuani. Alfajiri anaoga maji baridi, anatafuna tangawizi, ananiambia, "Usingizi umeshaisafisha, mama." Nami namwamini. Mtu aliyelala usingizi mzuri hivyo, pombe itakuwa imebaki wapi?

Jumatatu, 9 Machi

Wametusimamisha darajani. Trafiki mwanamke, koti la mvua mpaka visiginoni. "Dereva, puliza." Ndani ya basi hata vikohozi vilikoma. Baba Kicheko alikuwa na homa toka Jumamosi, hakugusa kitu. Akapuliza. Sufuri. Afande akapiga saluti ya utani, wanawake wakapiga vigelegele.

Nyuma yetu dereva wa lori la mchanga alipuliza, mashine ikalia. Alishushwa, akakaa juu ya jiwe na mvua yote ile, kofia mkononi. Nilimwona kupitia kioo mpaka tukapinda kona. Baba Kicheko naye alimwona.

Jioni homa imepoa, lakini kilabuni ameishia chupa mbili. Sheria imeingia nyumbani kwangu bila kugonga hodi, na mimi naishukuru.

Jumamosi, 14 Machi

Jirani yetu seremala anachonga majeneza. Leo alikuwa amekaa tu, randa mapajani.

"Mama Kicheko, hawa watu wa filimbi wataniua njaa. Kila Jumamosi nilikuwa naagizwa matatu, manne, yote ya barabarani. Toka waanze, hata moja halijatokea huko."

"Tengeneza vitanda, kaka."

"Ndicho ninachofikiria. Ila mwenye jeneza harudi kulalamika kwamba linapiga kelele."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Jumatano, 18 Machi

Kliniki, chanjo. Nilimuuliza nesi, nikasingizia jirani: mtu akinywa sana jioni, akalala, akaoga, akanywa chai ya rangi, asubuhi si amekuwa safi?

Nesi alikuwa anamshika Kicheko paja. Akasema bila kunitazama, "Mwambie jirani yako mwili ni kama pipa lenye tundu dogo chini. Ukijaza pipa, maji yanatoka kwa mwendo wake. Chai haiongezi tundu. Maji baridi hayaongezi tundu. Utapata mlevi aliyeoga."

Akamchoma mtoto, mtoto akalia, mimi nikawa nimesimama tu. Akaongeza kwamba wodi ya mifupa mwezi huu ina vitanda vitupu, jambo ambalo hajaliona toka aajiriwe.

Nilimweleza Baba Kicheko. Akasema, "Huyo nesi anaendesha basi?"

Ijumaa, 20 Machi

Jana zilikuwa chupa tano. Asema ni kwaheri ya mwenzao aliyehamishwa.

Jumatatu, 23 Machi

Leo nimefanya jambo la akili. Naandika kwa furaha.

Alfajiri Baba Kicheko aliamka macho mekundu, mikono haitulii. Akakaa ukingoni mwa kitanda. "Leo wakiwa darajani nimekwisha. Leseni, kazi, yote." Roho ikaniuma. Nilimwona tayari juu ya lile jiwe, kofia mkononi.

Nikakumbuka kwamba wifi anaishi karibu na daraja. Nikampigia simu. "Wifi, chungulia, hao watu wapo?"

"Wapo wanne, na filimbi yao."

Basi likakata kona kabla ya daraja, likaingia njia ya zamani, ile inayopita machimbo ya udongo wa matofali. Ni ya tope, haina kingo, lakini inatokea nyuma ya kiwanda. Wifi alikatiza shamba akatusubiri machimboni, akapanda wa mwisho, akasimama mlangoni kwa kukosa nafasi. Wanawake waliposikia mpango ulitoka wapi walinipigia makofi. Yule tunayemwita Shangazi, mwanamke mkubwa anayekagua mishono kwenye mstari wetu wa cherehani, akasema, "Mke ndiye huyu! Wengine mmeolewa kupika tu."

Tulifika zikiwa zimebaki dakika nne.

Jumanne, 24 Machi

Mvua. Darajani hakuna mtu. Tumepita hapo hapo.

Alhamisi, 26 Machi

Wifi sasa hapigi, anatuma ujumbe: "Nyumbani kuna wageni." Tukiusoma tu, basi zima linacheka. Njia ya zamani.

Ijumaa, 27 Machi

Wageni. Njia ya zamani.

Jumatatu, 30 Machi

Wageni. Njia ya zamani. Kola bando kumi na sita.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua haijakatika siku tatu. Nimekaa na Kicheko mapajani nikawa nahesabu kitu kisichonipendeza. Wiki ile tuliyosimamishwa darajani, Baba Kicheko aliishia chupa mbili kila jioni. Aliogopa. Toka nipige ile simu, amerudi kwenye saba. Anakunywa kwa amani, maana anajua asubuhi kuna mtu wa kumchungulia.

Sheria ilikuwa imemshika mkono. Mimi ndiye niliyeufungua, kidole kimoja kimoja.

Jumatano, 8 Aprili

Leo kule machimboni basi liliteleza. Nyuma ilikwenda upande, tukaona shimo la udongo limejaa maji mekundu, karibu kabisa. Kisha matairi yakashika. Halafu mmoja akasema, "Taratibu, unatuchezesha muziki?" na wote wakacheka, ila sauti zilikuwa nyembamba.

Wakati wa mapumziko nikawaambia wenzangu tuache njia ile. Tumwambie Baba Kicheko apite darajani siku zote, aendeshe akiwa mkavu, bila tone, au asiendeshe.

"Na wakimshusha, tutakwenda na miguu?" Shangazi akaniuliza.

"Mwenye basi ataleta dereva mwingine."

"Lini? Baada ya wiki? Wewe unaye mume. Mimi nina geti la kuwahi."

Mwingine akadakia, "Mama Kicheko ameanza kunywa yeye, ndiyo maana anaona basi linateleza."

Wifi ndiye aliyenivuta pembeni. "Wifi, kaka yangu namjua. Huyu alinifundisha baiskeli. Hawezi kuniangusha." Akanipa nusu ya andazi lake. Nikala. Nikanyamaza.

Jumatatu, 13 Aprili

Nimeona chupa ndogo ya kile kikali chini ya kiti cha dereva, imefungwa kwenye kitambaa cha kufutia vioo. Asema ni ya kuzimua tu, ili mikono itulie. "Nikitetemeka ndiyo nitawaua," akasema. Lilikuwa jibu la mtu mwenye akili timamu, hilo ndilo lililonitisha.

Jumanne, 14 Aprili

Wageni. Njia ya zamani.

Jumatano, 15 Aprili

Naandika nikiwa wodini, kwenye benchi. Kicheko yuko kwa mama mkwe. Mkono unauma lakini nitaandika yote.

Asubuhi nilimwona Baba Kicheko akizimua. Alinipa mgongo, akainua kichwa mara moja, kama mtu anayeangalia mawingu. Nilikuwa na mdomo. Nilikuwa na simu mkononi. Ujumbe wa wifi ukaingia, "Nyumbani kuna wageni," na mimi nikamsomea. Kwa sauti. Nikapanda nikakaa kiti changu cha tatu.

Machimboni wifi alikuwa anasubiri na mwavuli uliokatika waya. Akapanda, akasimama mlangoni kama kawaida, akasema, "Mwavuli wangu nao una ulemavu." Tulikuwa bado tunacheka. Kona ya lile shimo Baba Kicheko hakuikata. Simaanishi aliikata vibaya. Hakuikata kabisa, kana kwamba yeye peke yake aliona barabara imenyooka. Nilimwita jina lake, lile la kuzaliwa ambalo sijalitumia toka tuoane. Akashtuka, akazungusha usukani wote. Basi likainama polepole. Watu wanasema ajali ni ghafla. Hii haikuwa ghafla. Nilipata muda wa kuona vikapu vyote vya chakula vikihama upande mmoja.

Lililala juu ya ubavu wa mlango.

Tulitokea madirishani. Tope, damu kidogo, viatu vya watu. Nikaanza kuhesabu vichwa, nikafika arobaini, nikaanza upya, nikafika arobaini. Ndipo nikasikia sauti yake kutoka chini, wala hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anasema, "Wifi. Mguu wangu siuoni."

Na sasa niandike hili, hata kama kesho nitatamani kulichana. Wakati wengine wetu tunachimba tope kwa mikono, Shangazi alimshika Baba Kicheko bega, akamwambia, "Wewe pita shambani, uende. Ukae mpaka alasiri. Kunywa maji." Akaenda. Aliangalia nyuma mara moja, uso kama wa mtoto aliyevunja kitu. Wanawake wakaifukia ile chupa kwenye udongo. Hakuna aliyewaagiza. Ilikuwa kama kazi ya mstarini, kila mmoja na kipande chake.

Trafiki walipofika wakaambiwa dereva amekimbilia kuita msaada. Alijitokeza saa kumi jioni. Alipuliza. Sufuri.

Ijumaa, 17 Aprili

Wameukata chini ya goti.

Mama mkwe alinikuta koridoni. Alinishika viganja vyote viwili, kwa upendo, naapa ilikuwa kwa upendo. "Mwanangu, ni tope. Umesikia? Mvua ya mwaka huu haijawahi kuonekana. Mmoja ameshapoteza mguu. Usinipotezee na wa pili."

"Ndiyo, mama."

"Sema."

"Ni tope, mama."

Jumapili, 19 Aprili

Baba Kicheko amepiga magoti kando ya kitanda cha dada yake. Alilia mpaka nesi akamletea kiti. Akaapa mbele yetu, hatagusa tena. Wifi alimshika kichwa akawa anamfariji yeye. Aliyekatwa anamfariji mkataji.

Lakini aliapa. Nilisikia kwa masikio yangu.

Jumatano, 22 Aprili

Siku ya saba hajanywa. Anatoka jasho, anatapika, shati halikauki. Namkanda mgongo. Leo alikula. Ee Mungu, alikula ugali wote.

Jumatatu, 27 Aprili

Siku ya kumi na mbili. Alimfundisha Kicheko kusimama. Seremala alipita akasema, "Baba Kicheko umependeza, unataka kuoa tena?" Tulicheka sote watatu, mlangoni kwetu, jua limetoka kidogo. Nimeiandika ili siku hiyo isipotee.

Jumatano, 29 Aprili

Ripoti ya ajali imetoka: utelezi. Basi limenyooshwa bati. Mwenye basi amepiga simu, Taratibu arudi kazini Jumatatu. Wanawake wametuma salamu.

Ijumaa, 1 Mei

Tangawizi.

Nimeisikia alipombeba mtoto. Nikamwambia, "Fungua mdomo." Akacheka. "Moja tu, mama. Ya kuondoa woga. Unajua nitakavyopita pale machimboni? Nitamwona." Alisema kweli, hicho ndicho kibaya. Atamwona dada yake pale kila siku, na kila siku atahitaji moja ya kuondoa woga.

Nilimwomba amwambie mwenye basi kwamba bado anaumwa. Asafishe magari, alinde yadi, lolote. "Mimi ni dereva," akasema. "Nikiacha usukani mimi ni nani?"

"Baba yake huyu."

Akanirudishia mtoto, akatoka nje.

Jumamosi, 2 Mei

Nimemfunga Kicheko mgongoni nikaenda kituo cha polisi. Nilizunguka nje mara tatu. Mara ya tatu yule trafiki wa koti refu alitoka kumwaga maji ya chai, akaniambia, "Mama, unatafuta choo au unatafuta mtu?"

"Natafuta pa kusemea."

Akaniingiza. Nikasema yote. Kona, chupa, Shangazi, kuzimua. Nikasema na simu yangu, kwamba mpango wa wageni niliuanzisha mimi. Hapo aliacha kuandika.

"Unajua kwamba hilo nalo lina sheria yake?"

"Ndiyo, afande."

"Na huyu ni mume wako wa ndoa."

"Ndiyo."

"Unataka tumfunge?"

Nikamwambia sitaki afungwe. Nataka Jumatatu, kabla watu arobaini hawajapanda, mtu asiyempenda amwambie apulize. Sisi tunaompenda tumeshindwa. Kicheko, niliyekuwa nimempakata, alimvuta beji. Afande akamwachia aichezee, akanigeuzia karatasi nitie sahihi. Nilikosea nikaandika jina la kwanza tu. Akasema linatosha.

Jumapili, 3 Mei

Sikuweza kukaa nalo. Mchana baada ya kula nilimwambia. "Kesho watakupima yadini kabla hujawasha gari. Nimewaambia mimi."

Nilidhani atanipiga, kwa mara ya kwanza. Alikusanya sahani, akaziosha mwenyewe moja moja, akazipanga.

"Basi leo usinywe," nikasema. "Ukiwa mkavu kesho, na keshokutwa, watakupima na utapita. Baba Kicheko, nakusihi. Usiku mmoja tu."

"Usiku mmoja tu," akasema. Alinishika shavu.

Saa kumi na moja jioni alichukua koti lake.

Jumatatu, 4 Mei

Mashine ililia.

Walichukua leseni, wakampandisha gari lao. Atasomewa mashtaka, na lile la machimboni limefunguliwa upya. Mimi na Shangazi tumeandikiwa kufika kituoni. Baba Kicheko hakubisha. Alipopita mbele yangu alisema, "Umpake Kicheko mafuta, ngozi inamkauka." Hilo tu.

Dereva mgeni aliletwa saa nne. Geti lilikuwa limefungwa, siku yetu wote imekwenda. Shangazi alitema mate karibu na kiatu changu, karibu tu, hakulenga. "Nyoka wa ndani," akasema.

Jumanne, 5 Mei

Tumepita darajani. Dereva mgeni akapuliza, sufuri. Kwenye kiti cha pembeni yangu hakukaa mtu, ingawa watatu walisimama.

Alhamisi, 7 Mei

Hivyo hivyo. Mvua inapungua.

Ijumaa, 8 Mei

Binti mmoja mdogo wa kupiga pasi, hata miezi mitatu hajamaliza kiwandani, amekuja akakaa pembeni yangu. Hakunitazama. Darajani akanong'ona, "Baba yangu aligongwa na dereva mlevi, Mama Kicheko." Akashuka bila kuaga.

Jumamosi, 9 Mei

Wifi ameruhusiwa kutoka. Mama mkwe hakutaka niende, nimekwenda. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, magongo mapya bado na karatasi ya dukani, anajifunga kanga. Alikuwa ameshaambiwa yote.

Nilingoja matusi. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nikijiambia lolote atakalosema nitalipokea.

"Ulikwenda na miguu yako mpaka kituoni," akasema.

"Ndiyo, wifi."

"Ukasema yote."

"Yote."

Akamtazama Kicheko aliyekuwa anatambaa kuelekea magongo. Macho yake yalikuwa makavu.

"Kumbe ulikuwa unaweza kusema," akasema. "Wifi yangu. Ungesema kabla ya mguu wangu."

Teksi ilikuwa inapiga honi nje. Nikapiga magoti, nikamfuta vumbi unyayoni, nikamvisha kiatu. Kimoja.